Majina Yasiyochongwa: Ukumbusho wa Vita vya 1914–1918 Katika Ugogo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Chama, Kikuyu, Dodoma)



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya ukumbusho wa vita katika nchi hii ya Ugogo. Si habari ya kufurahisha, bali twaona yatuhusu sana sisi tulio makarani, na sababu yake mtaijua kabla hatujaketi.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Vita vilipoanza mwaka 1914, reli hiyo ndiyo iliyoifanya nchi hii kuwa ghala ya jeshi. Wadachi walichukua ng'ombe, nafaka, na vijana wa kubeba mizigo. Tarehe 29 Julai 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, yaliyotoka Kondoa Irangi, yakaingia Dodoma. Waliodhani kwamba mzigo umetuliwa wakaona amebadilika mtwishaji tu. Mtwikwa alikuwa yule yule. Waingereza nao walitaka ng'ombe, nafaka na wapagazi, maana jeshi lililomwandama von Lettow-Vorbeck upande wa kusini halikuwa na barabara za kutosha, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Basi kichwa cha mtu kikawa ndicho gari.

Ajuaye kilimo cha Ugogo hana haja ya kuelezwa yaliyofuata. Mvua zetu huanza kwa kawaida Desemba na hukoma Aprili. Asiyekuwapo shambani siku hizo amepoteza mwaka mzima. Mikono ya kulima ilikuwa imechukuliwa, akiba imeliwa, na ng'ombe, walio tegemeo la Mgogo wakati wa shida, wamekwenda. Mvua zilipopunguka njaa ikaingia, ikakaa tangu mwaka 1917 hata 1920. Wagogo waliiita Mtunya, maana yake kunyang'anyana. Inakadiriwa kwamba katika watu kama 150,000 walikufa wapatao 30,000, yaani mmoja katika kila watano. Na katikati ya njaa hiyo, mwaka 1918, ikaja homa ya mafua iliyoenea duniani kote.

Hayo ndiyo yaliyotukia. Sasa na tutazame ukumbusho wake.

Hapa Dodoma pana makaburi ya vita, yatunzwayo na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Mawe yake yana majina, nasi twayaheshimu, maana kila aliyelala pale alikuwa mtoto wa mtu. Dar es Salaam iko sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 mahali ilipokuwa kwanza sanamu ya Mdachi Wissmann. Maandishi ya chini yake yawataja wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Nairobi sanamu ni tatu, na mpagazi ni mmojawapo. Hata hivyo hana jina. Na jina la Kariakoo, tulitajalo kila tuendapo sokoni Dar es Salaam, latokana na jeshi hilo la wapagazi. Wangapi wetu hununua nguo pale bila kulikumbuka?

Pengine mtu atasema, "Majina yao hayakujulikana." Sisi makarani hatuwezi kulikubali neno hilo upesi. Mshahara haulipwi bila jina, wala posho haitolewi bila hesabu. Mwezi Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa na kuomba radhi, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengine majina yao hayakutunzwa. Wengine yalikuwapo, ila hayakuchongwa. Basi kosa hilo halikutendeka vitani tu. Lilitendeka mezani, kwa kalamu, vita vikiisha.

Mmoja wetu alikwenda kwao akauliza. Akaambiwa kwamba babu wa baba yake alichukuliwa kubeba mizigo, hakurudi, na alikofia hapana ajuaye. Lakini jina lake lipo, kwa sababu alirithishwa mtoto aliyezaliwa baadaye, na huyo akamrithisha mjukuu. Jamaa hiyo haikuwa na jiwe. Ilimfanya mtoto kuwa jiwe. Nao waliokufa kwa Mtunya hawana hata sanamu isiyo na jina, ingawa vita ndivyo vilivyowaondolea chakula.

Ndugu zetu, walioiona Mtunya kwa macho wamekwisha kufa. Waliobaki ni wale waliosimuliwa nao, na hao pia ni wazee. Kwa hiyo twaomba Chama hiki kifungue daftari moja. Kila mwanachama aendapo likizo aulize nyumbani, aandike mambo manne: jina la aliyepotea, kijiji chake, alichukuliwa na nani au alikufa kwa njaa, na jina la msimulizi. Asiyejua mwaka asibuni. Na aache nafasi wazi. Kazi hii haihitaji fedha wala ruhusa ya mtu. Yahitaji mwandiko mzuri na uaminifu, nayo ndiyo kazi tuliyofundishwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Ikiwa mali huisha hivyo, watu je?