Nani Apimaye Milango ya Maduka?



Twawaomba mliokaa nyuma mgeuke, mkautazame mlango wa ukumbi huu tuliokodi. Una ngazi tatu, nasi tumezipima: kila moja inchi 7. Mwanachama aliye katika kiti cha magurudumu hawezi kuingia humu ila abebwe kama gunia, naye ada ametoa sawasawa na sisi. Haki ya kuingia ni haki ya raia kama nyingine. Hii hunyimwa kwa saruji, bila mtu kutamka neno.

Huko Marekani jambo hili lilipiganiwa. Tarehe 12 Machi 1990 watu wenye ulemavu waliacha viti na magongo yao chini, wakapanda ngazi za jumba la Bunge mjini Washington kwa kutambaa. Tarehe 26 Julai mwaka ule ule Rais George H. W. Bush akatia sahihi sheria ya kukataza ubaguzi juu yao, kazini na hata katika maduka na mahoteli. Ushindi mkubwa! Lakini sheria ile haikuweka mkaguzi wa kuzunguka duka hata duka. Mwenye duka akipuuza, aliyezuiwa mlangoni hana budi kupeleka malalamiko au kwenda kortini.

Jimbo la California liliona pengo hilo. Kwa sheria ya mwaka 2003 likaanzisha wakaguzi wenye cheti cha jimbo, waliofanya mtihani juu ya kazi hii hasa. Mkaguzi huja na futi, pimamaji na kipimo cha nguvu za mlango. Mlango ukiwa wazi uache nafasi isiyopungua inchi 32. Mlango wa ndani usitake nguvu kupita ratili 5 kuusukuma. Chooni pawe na mahali pa kugeuzia kiti, kama duara la inchi 60. Na kwa kila inchi 1 ya kupanda, njia ya mteremko iende mbele inchi 12. Fanyeni hesabu (samahani, ualimu hautuachi): ngazi zetu tatu ni inchi 21, basi njia yake ni futi 21, na vishikio pande zote mbili. Atakayetuletea ubao wa futi 5 ametuletea mtego.

Akimaliza, mkaguzi huandika kila kosa alilolikuta, na mwenye duka hupanga muda wa kulirekebisha. Faida yake ni nini? Katika jimbo lile anayeshinda kesi ya namna hii hulipwa fidia isiyopungua dola 4,000. Aliyekaguliwa kabla ya kushtakiwa, naye akarekebisha makosa ndani ya siku 60, fidia huweza kushuka hadi dola 1,000. Tena, tangu Julai 2013, mwenye jumba la biashara hana budi kumwambia mpangaji ndani ya mkataba kama jumba limekaguliwa au la. Hili ndilo tulipendalo kuliko yote, maana mpangaji mdogo hurithi ngazi asizozijenga.

Kasoro ipo, nayo twaisema wazi: ukaguzi wenyewe ni wa hiari. Wengi humwita mkaguzi kwa kuogopa kesi. Sisi hatuna ugomvi na woga ukifungua mlango, ila asiyeogopa hubaki na ngazi zake, na wateja wake hubaki barabarani.

Na kwetu je? Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Maneno yake mazuri. Lakini nendeni madukani, kwenye mabenki, kwenye nyumba za wageni, mkatazame milango.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. Kila tawi liazime futi kwa fundi, lipime milango ya majumba ya biashara ya mtaa wake, pamoja na mlango wa ofisi ya tawi lenyewe, na mwenye kiti cha magurudumu awe katika kundi la wapimaji, kwani yeye huona yale futi isiyoyaona. La pili, mkataba wa ukumbi huu unakaribia kwisha. Katibu asiutie sahihi mpya mpaka mwenye jumba aandike ndani yake siku ya kuijenga ile njia ya futi 21.