Kiti ni cha Nani?



Kila mbunge anapojiuzulu, maneno huanza barazani kabla barua yake haijafika kwa Spika. Huyu kanunuliwa, yule kachoka. Sisi leo tunauliza jambo jingine: kiti alichokiacha kilikuwa cha nani?

Mwaka 1957 Gavana Twining alimteua Mwalimu Nyerere, Rais wa TANU, kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Alikaa miezi michache tu. Mapendekezo yake yalikataliwa, na Desemba mwaka ule ule akajiuzulu. Wananchi hawakuitwa kumchagua wa kushika nafasi yake, maana kiti kile hakikutoka kwao. Kilitoka kwa Gavana, kikarudi kwa Gavana.

Pwani yetu iliulizwa Septemba 1958. Bagamoyo ilikuwa katika Jimbo la Mashariki, na humo ndimo Mwalimu alimogombea, akashinda. Lakini tusijidanganye kwamba babu zetu wote walipiga kura. Sheria ilidai elimu, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo. Mvuvi wa Dunda angezitoa wapi pauni 150? Na huyo aliyeruhusiwa alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Akimwacha mmoja, kura yake imeharibika. Sharti hilo lilikuwa chungu hata wazee wakabishana vikali Tabora, Januari 1958, na ndugu Zuberi Mtemvu akatoka kwenda kuanzisha chama chake. Waliobaki walilimeza ili waingie Barazani kwa kura. Wasio na kura walikuwa na kadi ya chama, wakatosheka na hiyo kwa wakati ule.

Leo kiti ni cha mpiga kura. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha chama kilichompeleka bungeni, kiti kimemtoka. Basi hawezi kukibeba mfukoni akaja nacho kwetu. Nasi tuna kosa letu hapa: mtu akihama upande wa pili tunampigia vigelegele, na jioni ile ile tumekwisha kumfanya mgombea. Sisi tunapinga. Kwanza asimame mbele ya waliomchagua, awaeleze kwa nini amewaacha, wamuulize mpaka watosheke. Ndipo tawi lijadili jina lake pamoja na majina mengine.

Makatibu wa Dunda, Zinga na Kerege, orodha ya vijana waliotimiza miaka 18 na hawajajiandikisha tunaingoja Jumamosi.