Dawa Mbili na Nyayo Zetu

Msikilizaji, maoni ya leo yanahusu nyayo. Pale Mji wa Kale wa Mombasa, nyuma ya Ngome ya Yesu, hamali akichomwa na mwiba huuchomoa akaendelea na mzigo wake. Doa jeusi likibaki, husema ni damu iliyovilia. Ukucha ukiingia weusi, husema aligongwa na jiwe. Mara nyingi ni kweli. Lakini kwa sisi watu weusi, melanoma, saratani ya ngozi iliyo hatari kuliko nyingi, huanzia aghalabu papo hapo: kwenye wayo, kwenye kiganja, chini ya ukucha. Wala hapo si jua linaloileta. Bob Marley aligunduliwa kuwa nayo kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Wakati ule, melanoma ikishasambaa kwenye mapafu au ubongo, daktari hakuwa na la maana mkononi. Mambo yalianza kugeuka mwaka 2002, watafiti wa Uingereza walipoona kwamba melanoma nyingi zina hitilafu katika jeni iitwayo BRAF. Jeni hiyo huamuru seli zigawanyike. Ikiharibika, amri haikomi. Zikatengenezwa dawa za kuikamata, uvimbe ukanywea kwa wiki chache tu, kisha baada ya miezi ukarudi.

Kwa nini ulirudi? Kumbukeni Waomani walipowazingira Wareno ndani ya Ngome yetu mwaka 1696. Nchi kavu waliibana, lakini meli za Wareno kutoka Goa zilipenya kwa bahari na kuleta watu na vyakula, na Ngome haikuanguka hadi Desemba 1698. Saratani nayo, ukiifungia BRAF, hutafuta njia ya pili, na mara nyingi huipata kwenye protini inayofuata, MEK. Ndipo watafiti wakafunga njia zote mbili kwa pamoja: dabrafenibu kwa BRAF, trametinibu kwa MEK. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliopewa zote mbili kwa kipimo kamili walikaa miezi 9.4 kabla ya ugonjwa kuendelea, ilhali waliopewa moja walikaa 5.8. Marekani iliidhinisha mchanganyiko huo Januari 2014. Wagonjwa 563 walipofuatiliwa, asilimia 34 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Kwa ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya mwaka, mimi naliita jambo hilo kubwa.

Sasa turudi kwetu. Hitilafu ya BRAF hupatikana karibu katika nusu ya melanoma za ngozi za wazungu. Kwenye melanoma ya nyayo ni wachache walio nayo, na baadhi ya wasio nayo wana hitilafu nyingine, ya jeni iitwayo KIT. Kumpa mtu vidonge hivi bila kupima uvimbe wake ni kumtesa bure na kummalizia mali.

Na hata aliye na BRAF ana maswali ambayo majaribio ya ng'ambo hayakuyajibu. Zaidi ya nusu ya waliotumia dawa hizi mbili pamoja walipata homa. Pwani hii homa ni malaria kwanza, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Je, mgonjwa wa Likoni aache vidonge, apimwe malaria, au vyote viwili, na kwa utaratibu gani? Dabrafenibu humezwa mara mbili kwa siku, kwa nafasi ya saa kumi na mbili, saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake. Fikiria Ramadhani Kibokoni: saumu inapita saa kumi na tatu, mgonjwa aamke saa nzima kabla ya daku, na magharibi ameze kidonge kwa maji kisha akae akizitazama tende. Trametinibu nayo hutakiwa kuhifadhiwa kwenye friji. Nani ameuliza ni nyumba ngapi zina friji isiyozimwa na stima kukatika?

Msiniambie kwamba utafiti wa namna hii hauwezekani kwetu. Kampala ilianza mwaka 1967, pale Mulago, kwenye kituo kilichozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Madaktari walijaribu dawa za kuchanganya kwa watoto wenye limfoma ya Burkitt, na mafunzo yake yakaenea duniani. John Ziegler, aliyekiongoza kituo hicho, alipata tuzo ya Lasker mwaka 1972. Baada yake Mganda Charles Olweny aliishika kazi katika miaka migumu ya utawala wa Idi Amin. Na mwaka huohuo wa 1967, M. G. Lewis alichapisha uchunguzi wake kuhusu melanoma ya nyayo kwa Waganda. Yaani nyayo zetu ziliwahi kuchunguzwa, na zilichunguzwa hapa Afrika Mashariki.

Naomba Hospitali Kuu ya Pwani isaidiwe ili kila kipande cha melanoma kinachokatwa Mombasa kipimwe BRAF na KIT, na majibu yaandikwe kwenye rejista ya saratani. Nawe uliye na doa linalokua au linalotoa damu mguuni, lionyeshe wiki hii, usilipake dawa ya duka. Majaribio ya dawa nchini huidhinishwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Ombi la kujaribu tiba ya melanoma ya nyayo likifika mezani kwake kutoka kisiwa hiki, karatasi ya kwanza iulize habari ya homa, ya saumu na ya friji.