Kabla ya Kumwita Mtoto Mvivu, Apimwe Kwanza

Mazungumzo kwa wazazi na walimu



Chukulieni mtoto anayetumwa dukani kuleta unga, chumvi na kiberiti, naye anarudi na unga peke yake. Shuleni huanza hesabu vizuri, kisha huiacha katikati. Daftari zake hupotea. Ukimuuliza swali hujibu vyema, lakini kazi haimaliziki. Nyumbani huitwa mvivu, darasani mkaidi. Mara nyingi kiboko hufuata, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumchapa mwanafunzi.

Huenda mtoto huyo si mvivu. Huenda anatatizika katika kazi tatu za ubongo: kushika maelezo akilini huku akiyatumia, kujizuia kufanya jambo la kwanza linalomjia, na kubadili njia pale ya kwanza inaposhindikana. Kazi hizi hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Zinaweza kudhoofishwa na malaria iliyopanda kichwani, kifafa, au kuumia kichwa, kwa mfano katika ajali ya bodaboda. Watoto wengine huzaliwa na hali inayowazuia kutulia na kuwa makini.

Kumtazama tu hakutoshi, kwani watoto wawili wanaweza kushindwa na kazi ile ile kwa sababu tofauti. Ndiyo maana kuna tathmini. Mtaalamu humtajia mtoto tarakimu, tuseme 4, 9, 2, naye azirudie kuanzia mwisho. Humwonyesha neno “nyekundu” lililoandikwa kwa wino wa buluu, naye ataje rangi ya wino bila kulisoma neno. Zoezi hili lilitokana na utafiti wa Mmarekani John Ridley Stroop, uliochapishwa mwaka 1935. Pia humpa nambari na herufi aziunganishe kwa zamu: 1, A, 2, B. Kila zoezi husaidia kuonyesha mahali anapokwama.

Huu si mtihani wa kupita au kuanguka, na zoezi moja pekee halitoi jibu. Macho na masikio yapimwe kwanza, maana mtoto asiyesikia vizuri huonekana msahaulifu. Maswali yaulizwe kwa lugha anayoielewa. Mzazi na mwalimu nao waeleze wanayoyaona kila siku.

Majibu yakipatikana, msaada hulenga shida yenyewe. Anayesahau maelezo apewe agizo moja kwa wakati mmoja, na ratiba ya picha ibandikwe ukutani. Anayekurupuka aketi mbele, mbali na dirisha. Anayekwama akibadilisha kazi aarifiwe mapema. Mambo haya hayahitaji pesa nyingi.

Mzazi mwenye wasiwasi aanze kwa mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu, waombe mtoto apelekwe katika kituo cha tathmini ya elimu, maarufu kama EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka 1984. Beba kadi ya kliniki, daftari za shule na stakabadhi za hospitali kama zipo. Ikiwa mtoto alibadilika ghafla baada ya ugonjwa au ajali, mpeleke hospitalini kwanza bila kukawia.