Sheria Isingoje Maiti



Alhamisi tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo ilitoka Luena, humu humu katika teritware yetu ya Bukama, ikielekea Tenke. Ilikuwa na mabehewa 15, na 12 kati yake hayakuwa na mzigo wowote. Lakini watu walikuwa wamejaa. Ilipokaribia saa sita ya usiku ikaacha reli pale Buyofwe, upande wa Lubudi, na mabehewa saba yakatumbukia bondeni. Watu 75 walikufa, 125 wakaumia.

SNCC, shirika la reli la Kongo, ilisema ile ni treni ya mizigo, na waliokuwamo walipanda kwa kujificha. Maneno hayo yananiuma mpaka leo. Mtu mmoja anaweza kujificha nyuma ya magunia. Mamia ya watu, wakubwa kwa wadogo, hawajifichi. Na walipanda kwa sababu mnayoijua: treni ya abiria haionekani, barabara wakati wa mvua haipitiki, na mama mwenye samaki wa kuuza au mwenye mgonjwa hawezi kungoja.

Tena Buyofwe ilikwisha kutuonya. Tarehe 12 Novemba 2017 treni yenye matangi 13 ya mafuta, iliyokuwa ikija Luena kutoka Lubumbashi, iliangukia bonde la huko huko na kuwaka moto. Walikufa watu wasiopungua 33, na hao nao hawakuwa abiria wenye tiketi. Baada ya hapo, nani angeweza kusema kwamba hakuiona hatari?

Sheria yetu ya jinai, ile ya tarehe 30 Januari 1940, inamgusa anayepuuza hatari. Kifungu cha 52 kinamtia hatiani aliyeua au kujeruhi kwa kukosa kuona mbele au kukosa tahadhari, hata kama hakutaka kumdhuru mtu. Mwenzake akifa, kifungu cha 53 kinampa kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili. Akiumia tu, kifungu cha 54 kinasema siku nane hadi mwaka mmoja.

Lakini sikilizeni vizuri: kwa vifungu hivyo, lazima kwanza mtu afe au aumie. Mkubwa aliyeiacha treni iondoke na watu juu ya mabehewa ya mizigo, ikifika Tenke salama, vifungu hivi havimgusi. Kesho ataiacha iondoke tena. Ni hivyo hivyo kwa mwenye mashua ya baleinieri anayejaza watu na magunia hapa bandarini mpaka maji yanafika ukingoni.

Majirani zetu hawangoji. Tanzania, kwa kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu, na Kenya, kwa kifungu cha 243, zinamshtaki mtu kwa kitendo cha kizembe kinachohatarisha maisha, hata kama hakuna aliyeguswa. Ufaransa, tangu 1994, anayevunja kwa makusudi kanuni ya usalama na kumtia mwenzake katika hatari ya kufa au kulemaa anaweza kufungwa mwaka mmoja na kutozwa euro 15,000.

Nasi tunahitaji kifungu kama hicho. Najua wengi wenu mnaogopa kwamba sheria kama hiyo itamwangukia dereva, au yule maskini aliyepanda. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana kifungu kiandikwe kimtaje anayetoa amri ya kuondoka na anayesimamia usalama wa reli, na kimwache abiria, ambaye ndiye anayehatarishwa.

Waheshimiwa wabunge mliochaguliwa na Bukama, mko Kinshasa kwa kura zetu. Pelekeni pendekezo la kifungu hicho bungeni. Nanyi wasikilizaji, wakirudi kuwaomba kura, waulizeni wamelifikisha wapi.