Walimu wa Kujitolea kutoka Nje katika Madarasa ya Awali: Muda, Lugha na Kuzoea Maisha ya Wenyeji

Mwalimu wa kujitolea kutoka nje ni mtu anayefundisha, au kumsaidia anayefundisha, katika nchi isiyo yake, kwa muda uliowekwa na bila mshahara. Darasa la awali, ambalo wengi bado huliita chekechea, ni la watoto ambao hawajaingia darasa la kwanza. Kwa Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada. Mada hii haitakaa hapo.

Wanaojitolea ni wa namna mbili. Wapo wanaoletwa na mipango ya serikali zao: Peace Corps ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1961, mpango wa Japani wa mwaka 1965, na weltwärts ya Ujerumani iliyoanza mwaka 2008. Wa Marekani na wa Japani kwa kawaida hukaa miaka miwili. Vijana wa Ujerumani hukaa kuanzia miezi sita, na wengi hukaribia mwaka. Wapo pia wanaokuja kwa wiki chache kupitia mawakala, wakilipa wenyewe nauli, malazi na gharama za wakala. Hawa ndio wanaojaa katika shule na vituo vya binafsi vya Moshi, Arusha na Unguja, maeneo ambayo yana mlima, mbuga au fukwe. Wilaya zisizo na kivutio cha utalii huwaona kwa nadra, hata kama uhaba wao wa walimu ni mkubwa zaidi.

Kuhusu vibali, inatosha kukumbusha kwamba viza ya utalii hairuhusu kufanya kazi, iwe ya kulipwa au ya bure. Anayejitolea huombewa kibali cha ukaazi daraja la C, na taratibu za mamlaka za kazi hufuatwa kabla hajaingia darasani. Mkuu wa shule anayempokea mgeni kwa ahadi kwamba karatasi zinashughulikiwa anabeba hatari ambayo wakala habebi.

Kuzoea maisha ya wenyeji huanza na salamu. Mgeni anayepita uani bila kuwasalimu wazee huonekana ana kiburi hata kama ni mpole kuliko wote. Akijua kusema shikamoo kwa anayestahili na kuitikia marahaba watoto wanapomwamkia, nusu ya kazi imekwisha. Saa nayo husumbua. Aliyeambiwa afike saa moja na nusu hujiuliza kama ni usiku, kwa kuwa kwao siku huanza kuhesabiwa usiku wa manane, si alfajiri. Mavazi ya kujisitiri, hasa Zanzibar na mwambao wote, kutokula hadharani mchana wa Ramadhani, kupokea na kutoa kwa mkono wa kulia, na kutopiga picha za watoto bila idhini ya wazazi ni mambo ambayo familia mwenyeji huyafundisha vizuri kuliko kijitabu chochote. Wiki za mwanzo huwa na uchovu, tumbo kuvurugika, na hasira ndogondogo za kuitwa mzungu kila kona. Kwa anayekaa, mengi ya hayo hupungua. Shida ni kwamba wengi huondoka yakianza kupungua.

Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo mada hii imekusudia kulizungumzia, na limezungumzwa katika vikao vingi bila kupata dawa: muda mfupi wa wageni darasani na kile wanachokifundisha katika muda huo.

Mwaka wa masomo Tanzania huanza Januari. Wanafunzi wa vyuo vya Ulaya hupata likizo yao ndefu katikati ya mwaka, hivyo wageni humiminika Julai na Agosti, muhula wa pili ukiwa umeanza. Watoto wameshapita irabu na wamo katika silabi. Mgeni hajui Kiswahili, hajauona mtaala, na hakuna aliyemwonyesha azimio la kazi la mwalimu wa darasa. Anafanya analoliweza: anaanza alfabeti ya Kiingereza kwa wimbo, kisha rangi, kisha sehemu za mwili. Watoto wanafurahi, na furaha yao ni ya kweli. Baada ya wiki tatu anaondoka. Anayemfuata naye hajui aliyemtangulia alifanya nini, kwa hiyo anaanza herufi ya kwanza. Katika baadhi ya vituo mtoto humaliza mwaka akiwa amefundishwa wimbo huohuo na kila mgeni aliyepita, na hajaweza kusoma neno la silabi mbili.

Madhara hayaishii kwenye kupoteza siku. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa: irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Wimbo wa Kiingereza huziita herufi hizohizo kwa majina mengine. E huitwa kwa sauti ambayo Mswahili huiandika i, na I huitwa kwa sauti ya ai. Mtoto wa miaka mitano anayesikia majina ya namna mbili kwa herufi moja, bila mtu wa kumweleza kwamba hizi ni lugha mbili, huandika e mwalimu anapotaja i. Mwalimu wa darasa hutumia siku kadhaa kulinyoosha hilo, na kabla hajamaliza mgeni mwingine ameshafika. Hili halisemwi kwa kubeza Kiingereza. Katika shule zinazokitumia kufundishia, herufi zake hufundishwa kwa mpango. Linalolalamikiwa ni kuletwa kwake kwa mkurupuko katika darasa linalojifunza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili.

Mwalimu wa darasa mwenyewe huathirika. Mara nyingi ni mwanamke mwenye cheti, anayelipwa kidogo, anayejua kila mtoto amelala wapi na nani alikuja bila kunywa uji. Mgeni anapoingia, yeye huhamia nyuma na kuwa mkalimani na mlinzi wa nidhamu, na watoto huona. Wazazi nao huona, na wapo wanaochagua kituo kwa sababu kina wazungu. Wakuu wa shule wanalifahamu jambo hili, lakini wageni huja na madaftari, rangi za kuchorea, na pengine bati za darasa jipya, kwa hiyo wanyamaza. Mada hii haikusudii kukilaumu kituo chochote, maana uhitaji ni wa kweli na bajeti ni finyu. Hata hivyo, si haki msaada wa bati ulipwe kwa muda wa watoto.

Upo pia upande wa mapenzi. Mtoto mdogo hushikamana haraka na mtu mzima anayembeba na kucheza naye. Kuagana na mmoja kunavumilika. Kuagana kila mwezi, hasa kwa watoto wa vituo vya kulea yatima, humfundisha mtoto kutomtegemea mtu yeyote, au kumkimbilia kila mgeni anayeingia getini. Namna zote mbili zinamweka hatarini.

Haya yote hayana maana kwamba wageni hawana kazi. Mpango wa shule za awali za madrasa ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980 na kufika Zanzibar mwaka 1990 uliwategemea wanawake wa jamii yenyewe waliopewa mafunzo kazini, nao ndio waliobaki na madarasa. Somo la hapo ni kwamba mgeni afanye kazi inayomwongezea nguvu mwalimu: kutengeneza zana kwa vizibo, vijiti na makasha, kuandaa kona za kujifunzia, kukaa na kikundi kidogo wakati mwalimu anafundisha wengine. Kwa kuwa uwiano unaopendekezwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na madarasa mengi yamepita hapo kwa mbali, jozi ya pili ya mikono ina thamani kubwa.

Kutokana na hayo inapendekezwa kwamba mgeni wa chini ya miezi mitatu asipewe darasa. Afanye kazi za zana, michezo na ukarabati. Atakayefundisha akae angalau muhula mzima, na aanze muhula unapoanza, si likizo ya chuo chake inapoanza.

Kila mgeni ajifunze Kiswahili cha darasani kabla ya kuingia. Peace Corps huwaweka watu wake karibu miezi mitatu ya mafunzo wakiishi na familia. Shule haiwezi kufika hapo, lakini wiki mbili za salamu, maelekezo, namba na silabi zinawezekana.

Azimio la kazi libaki mikononi mwa mwalimu wa darasa, na mgeni alifuate. Kuwe na daftari la makabidhiano lisilotoka darasani, ambamo kila anayeondoka anaandika watoto wamefika wapi. Jambo hili halina gharama, limependekezwa mara nyingi, na bado ni vituo vichache vinavyolifanya.

Alfabeti ya Kiingereza isifundishwe katika darasa la Kiswahili mpaka watoto wamezimudu silabi. Nyimbo ziwepo, na mgeni ajifunze za watoto kabla ya kuwafundisha zake.

Mgeni aonyeshe cheti cha polisi cha nchi yake kuhusu mwenendo, asiachwe peke yake na watoto, na shule iwe na sheria ya picha inayozingatia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Vibali vikamilike kabla, kama ilivyokwisha kusemwa.

Wakala anayetoza wageni aeleze kwa maandishi ni kiasi gani kinafika shuleni, na sehemu ya fedha hiyo iende kwenye mafunzo na posho ya mwalimu wa darasa.

Misaada ya vifaa itenganishwe kabisa na nafasi ya kufundisha, ili mkuu wa shule aweze kupokea bati bila kulazimika kumpokea mwalimu.

Maofisa elimu kata wakague madarasa yenye wageni mara moja kila muhula, na daftari la makabidhiano liwe la kwanza kuombwa. Shule isiyoweza kutimiza masharti haya iruhusiwe kumkataa mgeni, na kukataa huko kusiandikwe kwenye taarifa yake kuwa ni kukosa ushirikiano.