Bima na mbio za barabarani

Wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, tangu sheria ya Januari 1973, kila mwenye gari au pikipiki hapa Kongo analazimika kuwa na bima ya kulipia madhara anayowasababishia wengine. Kwa miaka mingi iliuzwa na SONAS, kampuni ya bima ya serikali, pekee, mpaka sheria ya Machi 2015 ilipofungulia njia kampuni nyingine, chini ya usimamizi wa ARCA, mamlaka ya kudhibiti bima.

Lakini karatasi ya bima haifuniki kila safari. Kwa kawaida mikataba ya bima huondoa mashindano ya mbio. Hata Ujerumani, kwenye uwanja wa Nürburgring ambako raia hulipa na kuingia na gari lake, bima nyingi hazilipi gari likiharibika pale.

Sisi hatuna uwanja huo. Tuna barabara ya udongo, na vijana wanaopimana mwendo siku ya sikukuu huku akina mama wakipita na vikapu vya mihogo. Jambo hilo linanitia hofu. Na kuna la kila siku: pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi inabeba abiria wa kulipa. Ajali ikitokea, kampuni huuliza chombo kilikuwa katika kazi gani, na abiria aliyevunjika mguu anabaki hospitalini, familia ikiuza mbuzi.

Wewe unayemkabidhi kijana pikipiki akuletee hesabu jioni, mkataba wa bima umeandikwa kwa Kifaransa. Mtake wakala akueleze kwa Kiswahili yasiyolipwa, na aandike kazi halisi ya pikipiki kabla hujatoa pesa.